Mgeni wa Virunga alale wapi? Alale kwetu

Ndugu wasikilizaji, nanyi wazazi munaosoma haya kwenye simu ya kuazima, leo ninaleta ugomvi.

Jamaa mmoja anayeishi Ubelgiji ameuliza katika kundi letu la WhatsApp: amani ikirudi, akileta watoto kuona masokwe wa milimani wa Virunga, walale wapi? Kabla sijagusa simu, watu walikuwa wamekwisha kumjibu: "Lala Gisenyi. Vuka mpaka asubuhi, ona wanyama, rudi jioni." Waliosema hivyo ni watoto wa Goma na Rutshuru. Hapo nilikasirika.

Musinielewe vibaya. Leo simshauri mtalii yeyote aje, hali munaijua. Ninasema juu ya siku ile malango yatakapofunguliwa, sababu tabia ya zamani itarudi pamoja na magari ya watalii.

Munaikumbuka tabia hiyo. Gari linatoka Goma, linapita Kanyaruchinya, Kibati, Kibumba na Rugari, vioo vimefungwa, mpaka Rumangabo. Mgeni analala Mikeno Lodge ndani ya hifadhi, au katika mahema ya Bukima karibu na masokwe. Kitanda, chakula na usafiri vimelipwa mbali kabla hajafika. Kibali cha kuona masokwe peke yake kilikuwa dola 400. Mama anayeuza viazi na makabichi kando ya barabara pale Kibumba alibaki na vumbi. Halafu mtoto wake akikamatwa na gunia la makala, tunamhubiria apende pori!

Hifadhi inasema asilimia 30 ya mapato ya utalii inakwenda kwenye miradi ya jamii. Sikatai, umeme wa Matebe kule Rutshuru umeonekana kwa macho. Lakini mradi unaamuliwa katika mkutano, na wanaoitwa mkutanoni ni walewale. Pesa ya chumba inaingia mkononi mwa mwenye nyumba jioni ileile, na asubuhi anajua atainunulia nini.

Watasema usalama. Tarehe 11 Mei 2018 gari la watalii lilishambuliwa. Mlinzi wa hifadhi Rachel Masika Baraka, mwenye miaka 25, aliuawa, na Waingereza wawili wakatekwa kabla ya kuachiliwa. Utalii ulisimamishwa mpaka Februari 2019. Dada yetu yule alikufa kwa ajili ya wageni, tusimsahau. Lakini angalieni: shambulio lilitokea njiani, si kitandani. Anayelala ng'ambo ya mpaka anaipita njia hiyo mara mbili kila siku anapokuja kutembelea hifadhi. Usalama gani huo?

Watasema tena kwamba nyumba zetu hazifai. Hapo wana haki kidogo. Nimelala Kiwanja mara nyingi kwa kazi ya redio: maji ya kuoga kwenye ndoo, mlango unafungwa kwa msumari, jenereta inazimwa kabla hujamaliza kuandika. Lakini bugali ilikuwa ya moto, na mwenye nyumba alijua habari zote za kijiji kuliko msemaji yeyote. Kufuli, choo safi, chandarua na shuka mbili si mambo ya mabilioni. Hifadhi ikifungua tena, iwafundishe watu wa kando ya barabara kupokea wageni, na kila safari iwe na walau usiku mmoja kijijini. Hiyo iandikwe kwenye masharti ya kibali, isiachwe kwa huruma ya mtalii.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi. Kabla ya mlipuko wa Mei 2021, wageni walipanda Nyiragongo wakalipa mamia ya dola ili walale kwenye vibanda vya kileleni, waone moto mwekundu usiku. Toka 2022, watu wa Kibumba, Rugari na Rutshuru wamelala chini ya mlima huohuo, Kanyaruchinya, juu ya mawe ya volkano, bashi moja kwa familia nzima. Katika mahema hayo hakuna mgeni aliyeuliza bei ya kitanda.

Mwaka 2025 kambi zilibomolewa, wengi wakarudi kwenye mashamba yaliyoota magugu na nyumba zisizo na bati. Hao ndio wa kwanza wanaopaswa kusaidiwa kujenga chumba cha mgeni, kabla tajiri wa mjini hajaja kununua uwanja wao kwa bei ya njaa.

Mama mmoja aliyerudi Kibumba alinionyesha mbao alizokusanya. Anataka vyumba vitatu: viwili vya watoto, kimoja cha kupangisha. Aliniuliza kama mlango wa hicho cha tatu auelekeze shambani au barabarani. Nilimwambia auelekeze barabarani.