Ajali Ina Kinga: Kiswahili, Maji Moto na Umeme wa Nyumbani

Wahenga walinena kuwa ajali haina kinga. Kwa heshima zote, mwandishi wa makala haya anaomba kutofautiana nao katika jambo moja: ajali ya umeme nyumbani ina kinga, na sehemu kubwa ya kinga hiyo ni maneno. Ni rai yangu kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili tumewanyima maneno hayo watu wanaoyahitaji, ilhali hatuchoki kuimba sifa za lugha yetu.

Nianze na kisa kilichonikuta mwenyewe. Kila aliyesomea Kakamega anaijua baridi ya alfajiri ya mji huu, hasa baada ya mvua ya jioni. Katika nyumba za kupanga nilimoishi, upande wa Lurambi, mwenye nyumba alinunua kifaa cha kupasha maji moto bafuni. Kijana mmoja wa mtaani akakifunga kwa kukiunganisha na waya wa taa ya bafu. Siku ya tatu tulisikia harufu ya plastiki inayoungua. Mzee aliyekuwa akizitunza nyumba hizo akanijia na karatasi ya maelezo iliyotoka katika boksi, imeandikwa Kiingereza na Kichina.

“Mwalimu, wewe ndiwe msomi wa lugha hapa. Hebu nisomee, uniambie kosa liko wapi.”

Nikasoma, nikatafsiri: “Mzee, wanasema kifaa hiki lazima kitiwe ardhini.”

Akaitazama sakafu, kisha akanitazama mimi. “Kizikwe, mwalimu? Na maji yatatokaje?”

Tulicheka sote wawili, lakini kicheko changu kilikuwa cha aibu. Nilikuwa nimesoma Kiswahili kwa miaka mingi, ninaweza kuchambua taswira na jazanda hadi usiku wa manane, lakini sentensi moja inayoweza kuokoa uhai wa mpangaji ilinishinda. Alipoitwa fundi mwenye leseni, alimweleza mzee mambo yote kwa dakika chache: laivu ndiyo inayoleta umeme, nyutro ndiyo njia yake ya kurudi, nayo athi ndiyo inayoupeleka ardhini umeme uliovuja ili usipite katika mwili wa mtu. Mzee akaelewa mara moja. Fundi hakuwa na shahada ya lugha. Alikuwa na msamiati.

Kosa la kijana yule lilikuwa nini? Hesabu yake ni ya shule ya upili. Umeme wa nyumba zetu ni wa volti 240. Kifaa cha kilowati 5.5 huvuta takribani ampea 23. Waya wa taa, ambao kwa kawaida ni wa milimita mraba 1.5, haukukusudiwa mzigo huo. Tena joto haliongezeki sawia na mkondo: mkondo ukiongezeka maradufu, joto linalozalishwa katika waya uo huo huongezeka mara nne. Ndiyo maana kifaa cha aina hii hupewa waya wake peke yake kutoka kwenye swichi kuu, waya mnene, mara nyingi wa milimita mraba 4 au 6 kulingana na nguvu ya kifaa na umbali, pamoja na kikata umeme chake na athi iliyo hai. Hayo yote yanasemeka kwa Kiswahili. Nimeyasema hivi punde.

Pengine msomaji atauliza: kwa nini watu wasiwaachie mafundi kazi hii? Kisheria, ndivyo inavyopasa. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 inamtaka anayefunga nyaya za umeme awe na leseni, na mamlaka ya EPRA ndiyo inayoitoa. Nami naunga mkono: kuvuta nyaya, kufunga kifaa cha maji moto na kugusa swichi kuu si kazi za kujaribia. Hata hivyo, tusijidanganye. Tangu mradi wa kusambaza umeme hadi vijijini uzinduliwe mwaka 2015, umeme umefika katika nyumba nyingi ambazo hapo awali zilitegemea kibatari na mafiga. Mwenye nyumba hizo hujitengenezea mengi kwa mkono wake, ama kwa ukosefu wa fedha, ama kwa sababu fundi yuko mbali. Swali si kama watu watagusa umeme. Swali ni kama watakuwa wameambiwa, kwa lugha wanayoielewa, wapi waguse na wapi waache.

Isitoshe, yako mengi ambayo mtu anaweza kuyaboresha bila kuufungua ukuta. Tuchukue ndoo ya lita 20. Kuyatoa maji yake kutoka nyuzijoto 20 hadi 40 hutumia karibu nusu ya uniti moja ya umeme. Kuoga dakika kumi chini ya kifaa cha kilowati 5.5 hutumia takribani uniti 0.9. Anayezihesabu tokeni zake ataona mara moja faida ya ndoo. Hata jua la asubuhi, ambalo Kakamega hulipata kabla ya mawingu ya alasiri kukusanyika, laweza kuyapunguzia maji ubaridi yakiwekwa nje katika mtungi mweusi uliofunikwa. Kila nyuzijoto itokayo juani ni nyuzijoto isiyolipiwa.

Lakini ndoo nayo ina hatari zake. Wanafunzi wengi hutumia koili, ile ya kutumbukizwa majini. Wangapi wameambiwa kwamba hutangulia kuingia majini ndipo iwashwe. Kwamba ndoo iwe ya plastiki, si ya bati. Kwamba kabla ya kidole kuonja joto la maji, swichi izimwe na plagi ichomolewe? Hali kadhalika, wangapi wameambiwa kwamba jiko la makaa lililoingizwa chumbani ili kufukuza baridi, mlango na dirisha vikafungwa, hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kumuua mtu usingizini? Maonyo hayo yanatosha kuandikwa kwenye ukurasa mmoja na kubandikwa mlangoni.

Hapa ndipo hoja yangu ya lugha inapokita mizizi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu bidhaa anayoinunua, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Ukiviweka vifungu hivyo viwili bega kwa bega, unajiuliza: habari aliyopewa mtu kwa lugha asiyoielewa vyema ni habari kweli?

Wapo watakaonipinga. Wa kwanza ni watetezi wa usanifu, watakaosema kwamba laivu, nyutro na athi ni maneno ya mtaani yasiyofaa kuingia katika maandishi ya wasomi. Nawajibu kwamba sisi Wakenya tumekuwa tukiuita umeme stima, neno lililotokana na mvuke wa Waingereza, wala lugha haijafa. Neno umeme lenyewe lilikuwa la radi na mawingu kabla ya kushuka likaingia katika waya. TUKI walipochapisha Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990 walionyesha kwamba istilahi za sayansi zinawezekana. Kilichobaki ni kuzikutanisha istilahi za kamusi na maneno ya fundi, tuandike athi kisha tuieleze, badala ya kulisubiri neno safi huku nyumba zikiungua.

Wa pili ni wanafasihi wenzangu, watakaosema kwamba maelezo ya ndoo na nyaya si kazi ya mwanafasihi. Hao nawakumbusha Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858. Mama mgonjwa alimwandikia bintiye mawaidha ya maisha na ya nyumba yake, na leo tunautahini utendi huo vyuoni. Kumwelekeza mtu namna ya kuishi salama nyumbani mwake ni kazi kongwe katika fasihi yetu.

Kwa kuhitimisha, napendekeza jambo dogo linalowezekana muhula huu. Hapa Kakamega, Chuo Kikuu cha Masinde Muliro ni cha sayansi na teknolojia. Wanafunzi wa uhandisi wa umeme wanaishi mitaa ile ile tunamoishi sisi. Chama chetu kiketi nao siku moja, na fundi mmoja mwenye leseni awepo. Wao walete ukweli, fundi alete maneno, sisi tulete sarufi na ufasaha. Kitakachotoka kiwe ukurasa mmoja: mambo unayoweza kujifanyia, mambo ya kumwachia fundi, na mambo yasiyofanywa na yeyote. Kabla ya kuuchapisha, tuusome mbele ya wapangaji na watunza nyumba. Wakiuliza kama kifaa kizikwe, turudi tukaandike upya.

Mimi nimekwisha kuanza. Sentensi yangu ya kwanza nilimpelekea mzee yule: “Kifaa hiki lazima kiwe na athi, yaani waya unaoupeleka ardhini umeme uliovuja, ili usipite mwilini mwako.” Aliisikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaniambia, “Sasa umesema, mwalimu.” Katika miaka yangu yote ya masomo, hiyo ndiyo alama ninayojivunia zaidi.