Reli ndogo ianze na stesheni ya kweli

Mwaka 1925 kijana wa Kiaustralia aitwaye Roye England alifika kusini mwa Uingereza, akiwa na mapenzi makubwa ya treni za kampuni ya Great Western. Kilichomgusa zaidi huko hakikuwa treni. Katika bonde la Vale of White Horse aliona nyumba za kale zikivuliwa mapaa yake ya nyasi na kuezekwa upya kwa vifaa vya kisasa, na nyingine zikibomolewa kabisa. Hakuwa na fedha za kuzinunua wala mamlaka ya kuzuia. Alichoweza kufanya ni kuzipima na kuzijenga upya kwa kadibodi, kila kitu kikipunguzwa mara 76.

Kazi hiyo ilizaa Makumbusho ya Pendon, yaliyoanzishwa mwaka 1954 katika kijiji cha Long Wittenham na ambayo yapo hadi leo. Matofali ya nyumba zile yamechorwa moja moja juu ya kadibodi na kupakwa rangi ya maji. Mapaa ya nyasi yametengenezwa kwa nyuzi za katani, kama zile ambazo fundi bomba huzungushia kwenye maungio. Treni zinapita, na zinapendeza, lakini anayekwenda pale hurudi ameona pia jinsi watu wa bonde lile walivyoishi karibu miaka mia moja iliyopita.

Wapenzi wa reli ndogo wa Afrika Mashariki, ambao ni wachache lakini wapo, wangefaa kuufuata mfano huo mapema. Anayetaka kuweka reli ndogo sebuleni asianze na seti ya dukani yenye milima ya theluji na kanisa la Uswisi. Aanze na stesheni moja anayoifahamu, aipime, aipige picha, kisha aijenge.

Sababu ya haraka hiyo iko wazi. Treni ya abiria ya njia ya zamani kati ya Nairobi na Mombasa ilikoma mwaka 2017, mwaka ule ule reli mpya ya SGR ilipoanza kazi. Tanzania nayo ilianza kubeba abiria kwa treni za umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024. Reli mpya ni neema, na safari iliyokuwa ikila usiku kucha sasa inaisha kwa saa chache. Lakini reli mpya ina stesheni zake. Zile za zamani, zenye kuta za mawe au mbao, paa la mabati, tangi la maji juu ya miguu ya chuma na kibao chenye jina la mahali na mwinuko wake kutoka usawa wa bahari, zinabaki bila mwenyewe. Jengo lisilo na kazi halikai. Mbao hung'olewa, mabati huhama, tangi huishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Ajabu ni kwamba vipimo vya reli zetu vinaafikiana vizuri na vifaa vilivyokwisha kuwepo madukani. Skeli inayotumika zaidi duniani ni 1:87, yaani kila kitu kikipunguzwa mara 87. Reli ya zamani ya Kenya, Uganda na Reli ya Kati ya Tanzania ina upana wa mita moja, na mita moja ikigawanywa kwa 87 inatoa milimita 11.5. Waswisi wana reli za upana huo huo katika milima ya Alps, kwa hiyo viwanda vya Ulaya vimekuwa vikitengeneza njia ndogo ya milimita 12 kwa ajili ya wapenzi wa treni zile. Njia hiyo hiyo inaifaa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ambayo upana wake wa milimita 1,067 unakuwa milimita 12.3. Kwa anayependa SGR, milimita 1,435 zinakuwa 16.5, yaani kipimo cha kawaida kabisa cha seti nyingi za dukani. Mtu hahitaji kuagiza kitu cha pekee. Anahitaji kujua anataka kujenga nini.

Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu hutaka kila kitu. Njia ya zamani kutoka Mombasa hadi Nairobi ina kilomita zipatazo 530. Kwa skeli ya 1:87 ingekuwa zaidi ya kilomita sita za reli ndogo, na hakuna nyumba yenye ukuta wa urefu huo. Hata jukwaa la mita 200 linachukua mita 2.3. Wajenzi wazoefu hukata. Huchagua kile kinachoifanya stesheni itambulike, yaani umbo la paa, mahali lilipo tangi, mpangilio wa njia za pembeni, mti mmoja mkubwa, na kuvisogeza karibu bila kuvibadili sura.

Voi ni mfano mzuri. Ni pale ambapo njia ya Taveta, iliyojengwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kuunganishwa na Moshi, inaachana na njia kuu. Ubao wa mita mbili na nusu kwa sentimita arobaini, uliowekwa juu ya rafu ukutani, unatosha kuonyesha makutano hayo. Treni fupi ya mabehewa mawili inaingia, behewa la mizigo linakatwa, kichwa kinarudi nyuma kulipeleka upande wa Taveta, na njia kuu inabaki wazi kwa treni inayofuata. Hiyo ni kazi ya jioni nzima. Treni inayozunguka duara bila kusimama popote huchosha mtu kwa dakika kumi.

Kivutio kikubwa zaidi cha njia kuu ile ni injini za mvuke za Garratt za daraja la 59. Zilikuwa 34, zikajengwa Manchester na kiwanda cha Beyer Peacock miaka ya 1955 na 1956, na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Hakuna injini za mvuke za reli ya mita moja zilizozizidi nguvu. Moja yao, Mount Gelai, imehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Urefu wake wa karibu mita 32 unakuwa sentimita 36 hivi kwa skeli ya 1:87. Atakayeijenga atajikuta amejifunza ufundi wa mashine zaidi kuliko alivyotarajia.

Watu husema mchezo huu ni wa matajiri. Mwimbaji Rod Stewart huwapa sababu ya kusema hivyo. Mwaka 2019 alionyesha mji wa Kimarekani wa miaka ya 1940 aliouunda nyumbani kwake Los Angeles kwa zaidi ya miaka ishirini, wenye urefu wa mita zipatazo 38. Hamburg, Ujerumani, nako kuna maonyesho ya reli ndogo yaitwayo Miniatur Wunderland, yaliyofunguliwa mwaka 2001, yenye njia za treni za zaidi ya kilomita 15. Ni kweli kwamba kichwa cha treni kilichoagizwa kutoka nje kina bei kali kwa mshahara wa hapa. Lakini hicho ni kifaa kimoja. Majengo, udongo, miti, mabati na kutu, yaani karibu yote yanayoonekana, hutengenezwa kwa vitu vya bei ndogo. Stewart mwenyewe, pamoja na utajiri wake, alikuwa akibeba vijengo vyake safarini na kuvishughulikia hotelini.

Chukua mabati. Mabati ya kawaida ya migongo yana milimita 76 hivi kutoka mgongo hadi mgongo, na kwa skeli ya 1:87 hizo ni milimita 0.87. Bolti ya milimita 5 ina uzi wenye nafasi ya milimita 0.8. Weka karatasi ya foili ya jikoni juu ya kadibodi laini, ibingirishe bolti ndefu kwa kuikandamiza, na foili itainuka na migongo midogo iliyonyooka. Ikatwe vipande, vibandikwe vikipandiana kama fundi wa kweli anavyofanya, kisha vipakwe rangi ya fedha iliyofifia na kahawia kidogo penye misumari. John Allen, mjenzi wa reli ndogo wa Monterey, California, aliyefariki mwaka 1973, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuonyesha kwamba reli ndogo huaminika pale inapokuwa na vumbi, kutu na rangi inayobanduka. Stesheni zetu hazina upungufu wa hivyo.

Udongo nao uwe wa pale pale. Hakuna rangi ya dukani inayofikia wekundu wa ardhi ya Voi. Unachekechwa kwa soksi nyepesi ya nailoni, unanyunyizwa juu ya ubao, kisha unadondoshewa gundi nyeupe ya seremala iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu na tone la sabuni ya vyombo ili ipenye. Kabla ya hapo lazima sumaku ipitishwe juu yake mara kadhaa, kwa sababu udongo huwa na chembe za chuma, na chembe moja ikivutwa na mota ya treni inaweza kuiharibu.

Kinachokosekana hapa kwetu ni kumbukumbu zaidi kuliko vifaa. Wapo wastaafu wa reli Tabora, Nakuru, Moshi na Mombasa wanaojua ng'ombe walipakiwa njia ipi, taa ya ishara ilijazwa mafuta saa ngapi, na nyumba ya stesheni masta ilikuwa na rangi gani kabla haijapakwa upya. Ramani haiwezi kusema hayo. Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yangeweza kuwakutanisha wazee hawa na wanafunzi wa shule za ufundi, na kila shule ikachagua stesheni moja ya kuijenga kwa skeli moja, ili mbao zote ziungane siku ya maonyesho. Mamlaka za reli za Tanzania zingeweza kufanya vivyo hivyo kwa Reli ya Kati, kuanzia Dar es Salaam hadi Kigoma, ambako njia hiyo ilifika mwaka 1914.

Asiyetaka kusubiri taasisi anaweza kuanza Jumamosi hii bila hata reli. Aende stesheni na tepu, aombe ruhusa kwa msimamizi, apige picha pande zote nne, apime mlango mmoja na kuandika urefu wake, kisha ahesabu migongo ya mabati kutoka ncha hadi ncha ya paa. Migongo mia moja ni mita 7.6. Kwa namba hizo mbili na picha zile, jengo zima linaweza kuchorwa usiku huo huo mezani.