Udongo Hauna Kadi ya Chama

Vijana wenzangu, ukijenga bila kuuliza udongo, udongo utakujibu, hata uwe waziri.

Si mnaikumbuka depo ya mwendokasi pale Jangwani? Bonde la mafuriko la mto Msimbazi, udongo laini ulioletwa na maji yenyewe, na serikali ya CCM ikapaki mabasi humo. Mvua zikaja, mabasi yakaoga matope, na si mara moja. Sasa tunakopa Benki ya Dunia kurekebisha bonde hilohilo. Aliyewajibika ni nani? Kimya.

Lakini basi likizama linavutwa. Kinachoniuma mimi ni choo. Wakazi wengi wa Dar hawajaunganishwa na bomba la majitaka, wanategemea shimo. Na shimo ni habari ya udongo kabla ya kuwa habari ya bwana afya. Kwenye mchanga wa pwani maji hupenya upesi, uchafu unafika kisimani kwa jirani kabla haujachujika. Kwenye mfinyanzi hayapenyi, shimo linajaa. Mabondeni, masika maji ya chini yanapanda na kinyesi kinapanda nayo. Ndiyo maana watu wanasubiri mvua kubwa watapishe choo. Wakubwa wanasema eti wananchi hawana ustaarabu. Jamani, gari la kunyonya ni hela, na uchochoroni kwenyewe haliingii!

Wataalamu hawakulala. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimechunguza kwa miaka mabwawa ya majitaka na vitanda vya matete: jua, bakteria na mizizi vinasafisha maji bila umeme. Kwa joto letu hili ni mali. Ila bwawa lisipotolewa tope, kina kinapungua, maji yanapita mbio na kutoka karibu kama yalivyoingia. Mabwawa ya Vingunguti yanamwaga Msimbazi, na huko chini kuna watu wanamwagilia mchicha tunaokula wote. Vipimo vya maji yanayotoka viko wapi?

Msiniambie hiyo ni siri ya kitaalamu. Joseph Kessy na wenzake wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji mwaka 1988 kwa ajili ya dampo. Jiji baadaye likaomba muda zaidi wa kuendelea kumwaga taka. Jaji Lugakingira akalikatalia. Mwaka 1991 wakazi wa Kunduchi Mtongani nao wakashinda. Hawakuwa na chama nyuma yao. Leo tuna kifungu cha 4 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kinachompa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Tunakiogopa nini?

Kila tawi liandike barua kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Ombeni vitu viwili: ripoti ya udongo ya mradi ulio kwenu, na vipimo vya majitaka yanayomwagwa mtoni. Wana siku 30 za kujibu. Wakiwanyima, nitumieni nakala yenye mhuri wa kupokelewa.