Samadi Yetu Inapanda Meru, Sisi Tunabaki na Mifuko Mitupu

Simama kando ya barabara inayopanda Subuiga uangalie malori ya samadi. Mbuzi ni wa huku kwetu, boma ni za kwetu, lakini mzigo unaenda kulisha mashamba ya Meru na kwingineko huko juu. Wewe uliyekodi nusu ekari pale Burat upande vitunguu, lori linakupita ukiwa kwenye boda, umekumbatia mfuko wa DAP.

Msee, hii biashara tunapigwa.

Sisemi mbolea ya dukani ni sumu. Serikali iliposhusha bei ya mfuko wa kilo 50 hadi Sh3,500 mwaka 2022, kisha Sh2,500 mwaka 2023, ilimpunguzia mkulima mdogo mzigo. Na mmea unataka naitrojeni na fosforasi sasa hivi, si mwaka ujao. Shida ni kuitegemea hiyo peke yake, msimu baada ya msimu.

Pale Kabete, Nairobi, kuna majaribio ya mahindi na maharagwe yaliyoanza mwaka 1976. Vishamba vingine vilipewa mbolea ya dukani, vingine samadi, vingine vyote viwili, na vingine havikupewa kitu. Mbolea ya dukani peke yake haikuzuia kaboni ya udongo kushuka. Hata kwenye samadi ilishuka, ila polepole zaidi. Baada ya miaka 18, vilivyochanganyiwa samadi, mabua na mbolea vilikuwa mbele sana ya vile vilivyonyimwa kila kitu.

Kwani kaboni ina kazi gani? Chuo niliacha, na hata sikuwa nasomea udongo, lakini hii si ngumu. Kaboni ndiyo chakula cha bakteria na kuvu wa ardhini. Hao ndio huvunja mabaki, wakaachilia virutubisho, wakashikanisha chembe za udongo ili maji yakae. Wakikosa chakula wanapungua, na udongo unakuwa vumbi tu la kushikilia mizizi. Sasa fikiria wewe unayenunua petroli ya pampu kila wiki. Maji yasiyokaa kwenye udongo ni doo yako inayozama.

Halafu kuna hizi video za wakulima wa Uasin Gishu wakimwaga chokaa. Huko ni sawa: mvua ni nyingi, na DAP ya miaka mingi huongeza asidi, kwa sababu bakteria wanapoigeuza naitrojeni yake wanaachilia asidi. Udongo wa sehemu kavu kama zetu mara nyingi uko upande wa alkali, wakati mwingine una chumvi. Ukimwaga chokaa bila kupima, umezika pesa. Samadi nayo ina chumvi zake, na ikiwa mbichi inaunguza miche na kukuletea magugu, kwa hivyo irundike, inyeshee, igeuze, ingoje iive.

Kikundi chenu cha vijana kinaweza kununua samadi kabla ya dalali kufika. Na kaunti ikitaka kweli kusaidia wakulima wake, itenge pesa za samadi, isiishie kupiga picha na mifuko. Kwa sasa, kabla lori lijalo halijajaa, nenda kwa mzee mwenye boma umsalimie, umuulize bei. Mwambie unataka pikapu moja tu.