Wimbo wa Redio na Wimbo wa Ndani: Maoni Kuhusu Matini Tunazozichunguza

1.0 Utangulizi

Nyimbo za muziki wa kisasa zimekwisha kukubaliwa katika vyuo vyetu kuwa ni matini halali ya uchunguzi. Jambo hilo halikupatikana kwa urahisi. Walikuwapo waliodhani kuwa wimbo wa dansi haustahili kuwekwa meza moja na shairi la Shaaban Robert, na ubishi huo ulichukua muda mrefu kupoa. Hata hivyo, baada ya kuikubali hadhi ya nyimbo hizo, hatukujiuliza swali linalofuata: ni nani anayetuchagulia zile tunazozichambua? Kwa maoni yangu, mchaguzi wetu, kwa sehemu kubwa, amekuwa redio.

Kwa ajili ya mjadala huu, nitauita "wimbo wa redio" ule uliotolewa peke yake ili upigwe hewani, ambao vijana huuita singo. "Wimbo wa ndani" ni ule uliobaki katika albamu, au katika upande wa pili wa santuri au kanda, ukawafikia wale tu waliokuwa na chombo cha kuuchezea. Makala haya yanatoa madai mawili. Kwanza, wako wanamuziki wengi ambao nyimbo zao za ndani zinazipita kwa ubora nyimbo zao za redio, na sababu za jambo hilo zinaweza kuelezwa kiisimu. Pili, kwa kuzipuuza nyimbo za ndani tumefikia mahitimisho yasiyo sahihi kuhusu Kiswahili kinachoimbwa.

2.0 Kosa langu mwenyewe

Nianze na kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia tasnifu ya uzamili kuhusu lugha ya nyimbo za Kitanzania. Mwanafunzi alikuwa makini. Alikusanya nyimbo zilizovuma redioni, akazinukuu, akazichambua ubeti baada ya ubeti, na mwishowe akahitimisha kwamba wimbo wa Kiswahili wa kisasa haupendi kusimulia. Kwa mujibu wake, wimbo huo hulalamika, husifu, huonya na hubembeleza, lakini ni nadra kukishika kisa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Niliiona hoja hiyo kuwa na mashiko, nikatia sahihi.

Baadaye nilikwenda nyumbani Mafinga kwa ajili ya msiba wa mjomba wangu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa dereva wa malori katika barabara ya Tanzam, baina ya Dar es Salaam na Tunduma. Miongoni mwa vitu alivyoacha lilikuwamo kasha la kanda. Tulikaa ndani kwa sababu ya baridi ya Julai, ambayo watu wa Mufindi wanaifahamu, tukawa tunazisikiliza kwa redio kaseti ya zamani. Nyingine zilikuwa zimekatika, na nyingine tulizirudisha nyuma kwa kuzizungusha kwa kalamu, kama tulivyofanya utotoni ili kuokoa betri.

Zilikuwamo kanda za dansi, na zilikuwamo pia za muziki wa kantri wa Marekani: Jim Reeves, Kenny Rogers, Dolly Parton na Don Williams. Hilo halikunishangaza, kwa kuwa muziki huo ulipendwa na madereva wengi wa njia ile. Kilichonishangaza ni kanda moja isiyo na jina la bendi, iliyorekodiwa ukumbini wakati wa dansi. Ndani yake mlikuwa na wimbo wa zaidi ya robo saa, unaosimulia habari za kibarua wa mashamba ya chai anayerudi kwao na mshahara wa miezi mitatu, akakuta baba yake amekwisha kuzikwa. Kisa kinakwenda hatua kwa hatua: safari, wasafiri wenzake, maswali anayoulizwa njiani na majirani ambao hawataki kuwa wa kwanza kumwambia. Sikuwahi kuusikia redioni. Nilipoumaliza niliikumbuka ile tasnifu, na sahihi yangu juu yake.

Wimbo mmoja hautoshi kuvunja hoja ya tasnifu nzima. Lakini ulitosha kunifanya niutilie shaka msingi wake. Mwanafunzi wangu hakuwa amechunguza wimbo wa Kiswahili. Alikuwa amechunguza kile ambacho redio ilikiruhusu kipite, na mimi msimamizi wake sikuiona tofauti hiyo.

3.0 Funzo kutoka katika kantri

Muziki wa kantri unatupatia mifano miwili inayoonesha wazi jinsi chujio hilo linavyofanya kazi.

Mfano wa kwanza ni wa Willie Nelson. Mwaka 1975 alitoa albamu iitwayo Red Headed Stranger. Wimbo wake wa redio ulikuwa Blue Eyes Crying in the Rain, uliotungwa na Fred Rose miaka ya 1940. Ulimfikisha Nelson, kwa mara ya kwanza akiwa mwimbaji, katika nafasi ya kwanza ya chati ya kantri. Aliyeusikia redioni alisikia huzuni ya mtu aliyetengana na mpenzi wake, basi. Lakini albamu nzima ni hadithi moja. Inamhusu mhubiri ambaye mkewe amemwacha na kwenda kwa mwanamume mwingine. Mhubiri anawafuata, anawaua wote wawili, kisha anatangatanga na farasi wake. Wimbo ule wa huzuni umewekwa mara tu baada ya mauaji. Kwa hiyo nafsi inayolia katika albamu ni ya muuaji. Maneno ni yale yale, lakini maana imegeuka. Sisi wanaisimu tunafundisha kila mwaka kwamba maana haikai katika sentensi peke yake, bali pia katika muktadha wake. Hapa redio ilichukua sentensi ikaacha muktadha.

Mfano wa pili ni wa Dolly Parton. Katika albamu yake The Fairest of Them All ya mwaka 1970 umo wimbo uitwao Down from Dover. Anayesema ni msichana mjamzito aliyeachwa na mpenzi wake na kukataliwa na wazazi. Anamngoja mwanamume huyo mwezi baada ya mwezi, hata mtoto anazaliwa akiwa amekufa. Wimbo huo haukutolewa kuwa wimbo wa redio, kwani mada ya namna hiyo haikuwa na nafasi katika vituo vya muziki ule wakati ule. Leo unatajwa miongoni mwa tungo zake bora. Katika mfano wa kwanza redio ilikata muktadha. Katika huu wa pili iliiacha mada nzima nje ya mlango.

4.0 Hali ya kwetu

Mambo yote mawili yametokea kwetu pia. Chukua kwanza suala la kukata. Katika enzi ya santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, nyingi zikiwa zimefyatuliwa Nairobi, wimbo wa dansi aghalabu ulikuwa mrefu kuliko nafasi iliyopo. Kwa sababu hiyo uligawanywa: sehemu ya kwanza upande mmoja, sehemu ya pili upande wa pili. Ugawaji huo uliangukia mahali nyeti katika muundo wa wimbo. Sehemu ya kwanza ina beti zinazoimbwa taratibu kwa Kiswahili cha kupangwa. Sehemu ya pili ina chemko: magitaa yanashika kasi, waimbaji wanaitikiana, wanataja majina ya watu na mitaa, wanataniana na kutumia misemo ya siku hizo. Mtangazaji aliyepiga upande wa kwanza tu alimpa msikilizaji nusu ya lugha ya wimbo. Na mtafiti anayenukuu upande wa kwanza tu ataandika, kama ilivyokwisha kuandikwa, kwamba lugha ya dansi ni rasmi na ya kimaadili. Huenda angeandika vingine kama angeigeuza santuri.

Ama kuhusu mada, mfano ulio bayana ni wa Remmy Ongala. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa redio pekee ya Tanzania Bara, na ndiyo iliyokuwa studio kuu ya bendi. Nyimbo zilipitiwa kwanza na kamati kabla ya kurekodiwa. Ongala na bendi yake ya Super Matimila walipotoa Mambo kwa Soksi, wimbo uliohimiza matumizi ya kondomu wakati ukimwi ulipokuwa unaangamiza watu, redio haikuupiga. Wimbo ulienea kwa njia ya kumbi na kanda. Kwa mwanaisimu, wimbo huo una thamani kubwa kutokana na lile neno "soksi". Ni tasfida iliyotoka mtaani, ambayo iliwawezesha watu kulizungumza jambo la aibu mbele ya wakwe na wazazi. Mtu anayetaka kueleza jinsi Kiswahili kilivyokabiliana na ukimwi, kisha akategemea nyimbo zilizopigwa redioni tu, ataukosa mfano muhimu kuliko yote.

Sababu ya wimbo wa ndani kuwa bora mara nyingi ni ya kawaida tu. Wimbo wa redio hutungwa kwa ajili ya msikilizaji ambaye hajatega sikio: yuko jikoni, dukani au garini, na mtunzi anajua kwamba asipomnasa mapema amempoteza. Hivyo kiitikio huja haraka na hurudiwa, sentensi huwa fupi, na wahusika hupungua wakabaki "mimi" na "wewe". Wimbo wa ndani humwendea mtu ambaye tayari amenunua kanda na ameamua kukaa nayo. Mtunzi anaweza kumleta mhusika wa tatu, akabadili njeo, akanukuu maneno ya watu wengine, akachelewesha jambo hadi mwisho. Hizo ndizo nyenzo za usimulizi. Si ajabu kwamba mwanafunzi wangu hakuziona.

5.0 Hoja zinazoweza kutolewa

Msomaji anaweza kuuliza: je, redio haijawahi kupiga wimbo bora? Imepiga, tena mara nyingi. Ndio Mzee wa Profesa Jay, uliomo katika albamu ya Machozi, Jasho na Damu ya mwaka 2001, ulivuma nchi nzima, na ni matini yenye ufundi wa hali ya juu. Mwanasiasa anamwaga ahadi jukwaani na wananchi wanaitikia, na kejeli yote imejengwa katika majibizano hayo. Kwa hiyo sidai kwamba umaarufu ni dalili ya udhaifu. Wala sidai kwamba kila wimbo uliojificha ni lulu. Tunazifahamu nyimbo zilizotungwa ili kujaza kanda tu. Ninachodai ni kwamba hatuwezi kujua ipi ni ipi kabla ya kuzisikiliza zote.

Hoja nyingine ni kwamba redio ndiyo iliyohifadhi. Hilo ni kweli, na lazima likiriwe kwa shukrani. Bila ya kanda zilizowekwa na Radio Tanzania, sehemu kubwa ya dansi ya miaka ya 1970 na 1980 isingesikika leo. Lakini ghala hilo nalo lina mipaka ya milango yake: haliwezi kuwa na kile ambacho kamati ilikikataa, wala kilichochezwa ukumbini baada ya studio kufungwa.

Hoja ya tatu ni kwamba mambo yamebadilika, kwa kuwa sasa nyimbo huchaguliwa na msikilizaji mwenyewe katika simu yake. Albamu bado zinatolewa. Harmonize alitoa Afro East mwaka 2020, na Alikiba alitoa Only One King mwaka 2021. Hata hivyo, simu humletea mtu kwanza kile ambacho wengi wamekwisha kukifungua. Chujio limebadili mwenyeji, halikuondoka.

6.0 Hitimisho

Wahariri wa tenzi wametuachia utaratibu ambao tumeusahau tulipogeukia nyimbo. Hakuna mhariri anayejiheshimu ambaye angeichambua Al-Inkishafi kwa nakala moja iliyokatika huku akijua kuwa zipo nyingine. Aidha, tunafahamu madhara ya kudondoa. Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, unajulikana kwa wengi kwa zile beti za kumtumikia mume. Wanasahau kwamba ni wosia wa mama mgonjwa kwa binti yake, unaoishia katika dua. Kwa kudondoa beti chache tumemfanya mama huyo kuwa mtu mwingine. Tusiwafanyie hivyo watunzi wa dansi na warithi wao.

Napendekeza mambo matatu. Mosi, kila uchambuzi wa wimbo utaje nakala iliyotumika: ni ya redio, ya albamu au ya ukumbini, iko upande gani, imetanguliwa na kufuatwa na nyimbo zipi. Pili, kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaporudi kutoka likizo alete wimbo mmoja kutoka kwao ambao hakuwahi kuusikia redioni, pamoja na manukuu yake. Gharama yake ni ndogo, na katika miaka mitano idara itakuwa na mkusanyiko wa maana. Tatu, kazi hiyo ianze sasa, kwa sababu kanda haina umri mrefu. Kati ya kanda nilizozikuta katika kasha la mjomba, karibu thuluthi moja hazikutoa sauti yoyote.

Nimemwandikia yule mwanafunzi, ambaye sasa ni mwalimu, kumweleza kwamba hitimisho lake lilikuwa sahihi kwa data aliyokuwa nayo, na kwamba dosari ya data ilikuwa yangu. Nimemtumia nakala ya ule wimbo wa kibarua wa chai. Alinijibu kwa swali moja tu, nami nawaachia wenzangu swali hilo: nyimbo nyingine za namna hiyo ziko kwa nani?