Goti Lililorudi Mara Tatu

Daftari la mtoto wa namna hii, mhudumu yeyote wa zahanati analijua. Ni daftari la shule, jalada limekunjamana, jina limeandikwa kwa kalamu ya bluu. Ukurasa wa kwanza: maumivu ya goti, panadol. Wiki tatu baadaye, mwandiko mwingine: maumivu ya goti, ameanguka akicheza, diklofenaki. Mwezi unaofuata, mwandiko wa tatu: goti limevimba, sindano tano, arudi akizidiwa. Anarudi amezidiwa kweli, na safari hii ndipo picha inapigwa. Mfupa umekwisha kuliwa, na saratani imeshafika kwenye mapafu.

Gazeti hili halimlaumu mtu kwa ukurasa wa kwanza. Saratani ya mifupa kwa watoto ni adimu, magoti yanayouma hayahesabiki, na tabibu mwenye foleni hadi barazani hawezi kuishuku saratani katika kila mchubuko. Hata mgonjwa mwenyewe hujidanganya. Terry Fox, kijana wa Kanada aliyekuja kujulikana dunia nzima kwa kukimbia na mguu wa bandia, alivumilia maumivu ya goti msimu mzima wa mpira wa kikapu akidhani ni mabaki ya ajali ya gari. Machi 1977 madaktari waligundua ni osteosakoma, yaani saratani ya mfupa, wakamkata mguu wa kulia juu ya goti. Alikuwa na miaka 18. Goti la kijana halikosi kisingizio: mpira, baiskeli, kurefuka haraka.

Shutuma yetu inaanzia ukurasa wa pili, na ukurasa wa tatu hauna utetezi. Maumivu yanayomwamsha mtoto usiku na kuishinda dawa, uvimbe ulio juu au chini kidogo ya goti, kuchechemea kusikoisha: hayo hayangoji bingwa ayatambue. Osteosakoma huwapata zaidi walio katika umri wa kubalehe, mifupa inaporefuka kwa kasi, na pahali inapopapenda ni hapohapo kwenye goti. Kinachohitajika kwanza ni eksirei, kitu ambacho dunia imekijua tangu 1895. Mwongozo wa Uingereza unawataka madaktari wafikirie kupiga picha hiyo ndani ya saa 48 mtoto anapokuwa na uvimbe au maumivu ya mfupa yasiyoeleweka chanzo. Zahanati isiyo na mashine inaweza kuandika rufaa, na kuandika rufaa hakungoji bajeti ya wizara.

Lipo kosa baya kuliko kungoja, nalo ni kupasua. Uvimbe unadhaniwa jipu, unachanwa, usaha hautoki, kidonda kinafungwa. Kisu hicho kimesambaza chembe za saratani kwenye nyama ambayo haikuwa imeguswa, na mguu ambao daktari bingwa angeweza kuuokoa huenda sasa ukalazimika kukatwa. Hata kinyama cha kupima maabara kinapaswa kuchukuliwa na timu itakayomfanyia mtoto upasuaji, au kwa maelekezo yake, maana njia ya sindano yenyewe huhesabiwa katika upasuaji huo.

Tutaambiwa kwamba wazazi nao huanzia kwa mchuaji, kisha kwa mganga wa chale. Ni kweli, na wiki nyingi hupotelea huko. Lakini mama anayemkanda mwanawe kwa maji ya moto hakusomea mifupa, wala hakula kiapo cha utabibu. Aliyesomea ndiye mwenye wajibu.

Wakili wa hospitali naye atasema mtoto angekufa tu. Wakati mwingine ni kweli, kwa kuwa baadhi ya saratani hizi husambaa mapema hata mtoto akiwahiwa. Hata hivyo, saratani ikikutwa bado mahali pamoja, na tiba ya dawa na upasuaji ikatolewa kikamilifu, zaidi ya nusu ya watoto hupona; ikishafika mapafuni, wanaopona ni wachache. Na sheria ya uzembe haianzi kwa kuuliza kama mtoto alikufa. Inauliza kwanza kama mtaalamu makini wa ngazi ileile, akiwa na daftari lilelile mkononi, angeandika dawa ileile kwa mara ya tatu. Baraza la Madaktari Tanganyika lina mamlaka ya kusikiliza malalamiko dhidi ya daktari na hata kumfutia usajili. Mzazi anayezika hana nguvu za kwenda huko, na ukimya wake usichukuliwe kuwa msamaha.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 liliweka lengo kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani wapone. Lengo hilo halitafikiwa katika hospitali za Muhimbili, KCMC wala Bugando ikiwa mtoto anafika huko mapafu yakiwa yameshaliwa. Tunazitaka hospitali hizo zianze na jambo moja: kila mtoto anayefika kwa kuchelewa, daftari lake lisomwe tangu ukurasa wa kwanza, tarehe zihesabiwe, na barua irudi kwenye kila kituo alikopita, nakala kwa mganga mkuu wa wilaya. Mkononi mwa aliyeandika "arudi akizidiwa" ifike pia picha ya goti hilo.