Washirika Wakigombana, Ritani Haingoji



Wengi wetu katika reli tumeanza kuungana wawili watatu, tukiweka akiba zetu pamoja tupate kununua kinu cha posho, au pikapu, au kufungua duka. Jambo hilo ni jema, wala hatulipingi. Lakini tumeona mashirika ya namna hiyo yakivunjika, na mara nyingi kitu cha kwanza kupotea si fedha, bali ni daftari la hesabu.

Mmoja akasirika, achukua vitabu na risiti zote nyumbani kwake. Tena yeye peke yake ndiye ajuaye neno la siri la iTax. Mwenzake naye asema, "Sipeleki ritani mpaka anionyeshe faida yangu." Mwezi wa Juni wapita hivyo. Kila mmoja adhani amemtia mwenzake adabu, kumbe wamejichoma wote wawili.

KRA haiulizi nani mwenye haki katika ugomvi wenu. Shirika lenyewe halilipi kodi ya mapato, ila hupeleka ritani ya hesabu zake, na kila mshirika hutozwa kwa fungu lake la faida, katika ritani yake mwenyewe, kabla ya Juni 30 kupita. Hutozwa hata kama fedha hizo hajazitia mkononi! Mtu akichelewesha ritani yake, faini ni Sh 2,000 au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa. Na kodi isiyolipwa huongezeka riba ya asilimia 1 kila mwezi.

Wako wasemao kwamba kupeleka ritani ni kukubali hesabu za mwenzako. Sivyo. Ritani yaweza kuombewa masahihisho ndani ya miaka 5. Basi pelekeni kwa risiti zilizopo na kwa mafungu mliyoandikiana, halafu habari ya nani alikula nini mpeleke kwa mhasibu au mpatanishi mliyemkubali nyote. Kama hamkuandikiana mafungu, hapo mna kazi kubwa, na kosa mlilifanya siku ya kwanza.

Lakini lililotufanya tushike kalamu ni jingine. Yuko dereva wa ile pikapu. Kila mwezi akatwa NSSF, na kodi ya PAYE ikiwa mshahara wake umefika kiasi cha kutozwa. Fedha hizo zapasa kupelekwa kabla ya tarehe 9 ya mwezi ufuatao kupita. Washirika wakigombana, hukata bila kupeleka, kila mmoja akisema hiyo ni kazi ya mwenzake. Faini ya kuchelewesha ritani ya PAYE ni asilimia 25 ya kodi au Sh 10,000, ile iliyo kubwa, lakini faini hiyo haimrudishii dereva kitu. Aomba fomu yake ya P9, aambiwa angoje wakubwa wapatane.

Ndugu, sisi ndio tuliosimama langoni mwa karakana tukipiga kelele kwamba mwajiri akata na hapeleki. Leo mwajiri ni sisi, na huyo dereva hana chama.

Mwenye shirika lililoingiwa na ugomvi na aje ofisi ya tawi pamoja na vitabu vyake. Asiye na vitabu, na aje na mwenzake aliyevishika.